Asubuhi Moja Haiui Injini

Dereva wa pikapu ya dizeli yenye tabo anaiwasha saa kumi na moja alfajiri huko Njombe, mwezi wa Julai, baridi ikiwa imekaza. Viazi vimepakiwa tangu usiku. Anatoka uwanjani, anaukabili mlima na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale wa joto ukiwa bado umelala chini. Ukimkemea atakujibu kwamba asubuhi hii haijaharibu kitu, na jibu hilo ni gumu kulivunja kwa sababu ni la kweli. Fungua injini jioni ile ile, ipeleke kwa fundi bingwa, naye hataonyesha alama yoyote iliyoachwa na safari ya alfajiri. Kesho itakuwa vivyo hivyo, na keshokutwa. Halafu, baada ya miaka, gasketi ya silinda hedi inaachia, maji yanaingia kwenye oili, gari linachemsha katikati ya mlima na shehena mgongoni, na watu wanaanza kuulizana nani ameiua injini. Hakuna siku hata moja inayoweza kushtakiwa. Kila asubuhi ina ushahidi wa kuitoa hatiani, ilhali kwa pamoja zimefanya kazi ya kuua. Kwangu hili ni swali la maadili kabla halijawa la gereji: tendo ambalo madhara yake hayaonekani, na pengine hayapimiki kabisa, laweza kuwa kosa kwa sababu ya madhara hayo hayo? Nasema laweza, na nasema pia kwamba wengi wetu huamini kinyume chake bila kujua kwamba tunaamini hivyo.

Tuanze na chuma chenyewe, maana hoja ya maadili isiyojua kinachotokea ndani ya injini itabaki mahubiri. Gasketi ya silinda hedi ni bamba jembamba linalobanwa kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu karibu sana: moto wa mlipuko, maji ya kupoza na oili. Katika dizeli za tabo za siku hizi mgandamizo wa juu kabisa ndani ya silinda hupita mara 150 ya ule wa hewa tunayovuta. Silinda ya injini ya lita 3 ya Hilux, ile ya 1KD-FTV, ina kipenyo cha milimita 96. Piga hesabu, na mgandamizo wa kiasi hicho unaisukuma hedi juu kwa nguvu ya tani kumi na ushei, katika kila silinda. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, msukumo huo unarudi zaidi ya mara kumi na sita kwa sekunde. Kinachoizuia hedi isinyanyuke ni boliti peke yake. Ongeza joto. Bloku ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Hedi ya urefu wa sentimita 50 ikipanda kutoka nyuzi 5 za alfajiri ya nyanda za juu hadi nyuzi 90 za kazini, ingerefuka kwa karibu milimita moja kama ingeachwa huru, wakati bloku iliyo chini yake isingefikisha hata nusu ya hapo. Tofauti hiyo inaikuta gasketi katikati, ikisuguliwa huku na huku kila gari linapopata moto na kila linapopoa. Halafu kuna jambo ambalo madereva wengi hawajaelezwa: hedi ya alumini hutanuka kuliko boliti za chuma zinazoishikilia, kwa hiyo boliti hubana zaidi injini ikishapata moto. Injini ya baridi ndiyo yenye mbano hafifu. Anayeiamsha tabo kwa nguvu zote dakika ya kwanza anaukutanisha msukumo mkubwa kabisa na mbano mdogo kabisa.

Sidai kwamba alfajiri za baridi ndizo zinazoua gasketi nyingi. Kinachoua nyingi ni kuchemsha: rejeta iliyoziba, maji ya bombani yasiyo na kulanti yanayokula alumini kutoka ndani, mpira uliopasuka dereva akaamua kufika hivyo hivyo. Waliounda gasketi za chuma za tabaka kadhaa walijua kwamba injini itapata moto na kupoa maelfu ya mara, na wakazitengeneza kwa hesabu hiyo. Hata dereva mwangalifu anaichosha gasketi yake. Tofauti yake na mwenzake ni kiasi tu, na kiasi hicho kwa siku moja ni kidogo mno kiasi kwamba hakipimiki. Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo, na nisingependa kuufanya mwepesi kwa kutia chumvi madhara ya siku moja.

Ugumu huu una umri mrefu. Karne ya nne kabla ya Kristo, Eubulides wa Mileto alitunga fumbo la chungu ya nafaka: ukiondoa punje moja chungu inabaki chungu, ukiondoa nyingine bado ni chungu, basi ni punje ipi inayoiondoa chungu? Mwaka 1984 mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliligeuza fumbo hilo kuwa swali la dhamiri. Alitutaka tufikirie watesaji elfu moja, kila mmoja akibonyeza kitufe kinachoongeza maumivu ya mateka kwa kiasi ambacho mateka hawezi kukihisi. Hakuna hata mtesaji mmoja anayemfanya mateka yeyote ajisikie vibaya zaidi kwa namna ya kutambulika, na bado mwisho wa siku mateka wako katika maumivu makali. Parfit alisema ni kosa la hesabu kudhani kwamba tendo haliwezi kuwa baya kwa sababu ya matokeo yake eti kwa kuwa matokeo hayo hayahisiki. Haitoshi kuuliza tendo langu peke yake limefanya nini. Lazima niulize pia kama ni mojawapo ya matendo ambayo kwa pamoja yanadhuru. Mimi naona kisa cha dereva ni chepesi kuamua kuliko cha watesaji wale. Wao walikuwa watu elfu, na kila mmoja angeweza kusema kwamba mengine si yake. Dereva wa kudumu anazimiliki asubuhi zote. Anayeitetea ya leo ndiye aliyeitetea ya jana, na utetezi ukikubaliwa mara moja umekubaliwa miaka mitatu mfululizo.

Methali yetu ya kuziba ufa haitoshi hapa, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa. Inachukulia mambo mawili: kwamba ufa unaonekana, na kwamba aliyeupuuza ndiye atakayejenga ukuta. Ni onyo kwa mtu juu ya maslahi yake mwenyewe. Katika biashara ya pikapu yote mawili hukosekana. Ufa hauonekani mpaka hedi ifunguliwe, na anayekuja kujenga ukuta mara nyingi ni mtu mwingine kabisa: tajiri aliyekopa ili anunue gari, deiwaka aliyepokea usukani wiki ileile injini inapokufa na kubebeshwa lawama za mwenzake, au mnunuzi aliyelikuta limeoshwa na kung'arishwa yadi. Busara ya kujilinda haimgusi dereva ambaye hasara haimfikii. Linalomgusa ni amana.

Fikihi ya Kiislamu imelifikiria jambo hili kwa umakini ambao vitabu vya gereji havina. Mtu aliyekodi chombo, au aliyeajiriwa kukitumia, mkono wake huhesabiwa kuwa mkono wa amana. Kikiharibika bila kosa lake, halipi. Hulipa akivuka mpaka wa matumizi aliyoruhusiwa, au akizembea katika kukitunza. Mpaka wenyewe na uzembe wenyewe huamuliwa kwa sehemu kubwa na ada ya watu wa kazi hiyo. Mpango huu una hekima kwa pande zote. Unamlinda dereva dhidi ya tajiri anayetaka kila boliti iliyokatika ikatwe kwenye mshahara, na unamfunga dereva asijifiche nyuma ya maneno "vyombo huharibika". Napenda zaidi kwamba hauulizi kwanza kama madhara yanaonekana. Unauliza namna mtu alivyokaa na alichokabidhiwa. Mtu anaweza kuwa mzembe na gari likapona kwa bahati. Anaweza kuwa mwaminifu na gasketi ikaungua wiki ya pili kwa sababu hedi ilikuwa na ufa tangu zamani. Tukisubiri madhara ndipo tuhukumu, tutamsifu wa kwanza na kumfukuza wa pili. Naamini hilo hutokea kila siku katika vijiwe vya magari, na ni dhuluma.

Wapo watakaosema injini ina siku yake, na siku ikifika hakuna dakika tano za upole zitakazoizuia. Naiheshimu imani ya kadari kiasi cha kutokubali itumiwe hivyo. Anayeamini kwamba mwisho wa kila kitu umeandikwa anaamini pia kwamba sababu zake zimeandikwa, na mguu wake juu ya pedali ni mojawapo ya sababu hizo. Kadari humfariji aliyefanya wajibu wake na bado akapoteza. Kumfariji mtu kabla hajaufanya ni kumwondolea wajibu wenyewe, jambo ambalo dini hainuii.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mafundi wasomi. Wanasema kupasha injini ni mazoea ya zama za kabureta. Injini za leo zina kompyuta inayopima mafuta, oili nyepesi inayofika juu mara moja, na dizeli ikisimama inaunguruma haipati moto wa maana, inachoma mafuta bure na kuacha masizi. Wako sahihi, na ninawashukuru, kwa sababu wanaitenga desturi na kusudi lake. Kuiacha pikapu ikiunguruma robo saa uani Tanga, hewa ikiwa nyuzi 28, si uaminifu. Ni ibada iliyobaki na umbo baada ya kupoteza maana. Kinachohitajika ni kidogo na kina sababu. Washa, subiri kwa muda usiofika dakika moja ili oili ifike kwenye tabo, ambayo mhimili wake huelea juu ya utando wa oili na huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kisha ondoka taratibu, bila kuvuta mzigo kwa nguvu zote, mpaka mshale utulie mahali pake. Ukitoka kupanda mlima mrefu kama Kitonga, iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, oili iliyo ndani ya tabo isiungue. Kwa hiyo pingamizi hilo halifuti wajibu. Linaubadilisha kutoka kusubiri kuwa kuendesha kwa kiasi, na linaongeza wajibu wa pili, ambao ni kujua. Uangalifu usio na elimu hukosea kwa pande zote mbili. Mfano wake mbaya kabisa ni themostati. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakiamini kwamba inazuia maji. Themostati hufungwa kwa makusudi ili injini ipate moto haraka na kwa usawa, nayo huanza kufunguka karibu na nyuzi 80. Bila hiyo maji ya rejeta yanapita muda wote, injini ya nyanda za juu haifikii joto lake hata baada ya safari ndefu, na ile alfajiri ya baridi niliyoanza kuieleza inaendelea mpaka saa tano mchana. Fundi amefanya hivyo kwa nia njema, chanzo cha kuchemsha kikabaki pale pale.

Pingamizi jingine lasema tunamsumbua dereva kwa kosa la mtengenezaji. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Marekani: injini ya dizeli ya lita 6.0 iliyofungwa kwenye pikapu kubwa za Ford kuanzia mwaka wa modeli 2003 hadi 2007, ikitengenezwa na Navistar. Hedi zake zilishikwa na boliti chache kuliko za injini ya lita 7.3 iliyotangulia. Kipoza oili kiliziba, kipoza moshi kikakosa maji na kupasuka, mgandamizo ukapanda, na gasketi zikaachia kwa wingi. Kampuni hizo mbili ziliishia mahakamani mwaka 2007 zikigombania nani abebe gharama za dhamana. Ni kweli kwamba hakuna adabu ya asubuhi ambayo ingekizibua kipoza kilichoziba, na mwenye gari lile aliyelaumiwa kwa uendeshaji wake alionewa. Lakini tuangalie pingamizi linavyofikiri. Linachukulia lawama kama kibaba kimoja: mtengenezaji akichukua sehemu kubwa, sehemu ya dereva inapungua. Lawama haigawanywi hivyo. Wawili wanaoweza kuzuia madhara yale yale, kila mmoja kwa nafasi yake, wanawajibika kila mmoja kwa ukamilifu. Na dereva anayejua kwamba injini aliyokabidhiwa ina udhaifu wa hedi, kama inavyojulikana kwa 1KZ-TE ya Toyota, ambayo hedi zake zina sifa ya kupasuka, ameongezewa sababu ya kuwa mpole nayo. Mgonjwa tunayejua kwamba moyo wake ni dhaifu hatumkimbizi kwa kuwa ugonjwa hatukumpa sisi.

Linalonisumbua zaidi kuliko mengine yote ni hili: wakati si wa dereva. Soko linafunguka alfajiri, aliyefika wa tatu anauza kwa bei ya chini kuliko aliyefika wa kwanza, na hesabu ya tajiri haipungui kwa sababu asubuhi ilikuwa na baridi. Kumhubiria mtu huyo juu ya dakika tano za upole huku tajiri aliyempangia safari nne kwa siku amelala ni kumpa mnyonge hotuba iliyomstahili mwenye nguvu. Nalikubali pingamizi hili, na nalipeleka mbali kuliko wanavyokusudia wanaolitoa. Amana ina pande mbili. Aliyemkabidhi mwenzake chombo pamoja na ratiba isiyoweza kutimizwa bila kukidhuru, ameshaidhinisha madhara yale. Hawezi baadaye kudai fidia kwa uzembe alioununua mwenyewe kila siku kwa bei ya hesabu. Tajiri anayekataa kununua kulanti kwa kuwa maji ni bure, na anayemtuma fundi aitupe themostati ili gari lirudi barabarani leo, ndiye mzembe, hata kama hajawahi kuushika usukani. Dereva hapo amebakiwa na wajibu mdogo lakini wa kweli: kusema. Aseme kabla, mbele ya shahidi ikiwezekana, kwamba gari linapandishwa mlima likiwa la baridi na kwa nini. Akishasema, mzigo umehama.

Na elimu nayo huhamisha mzigo. Katika Injili ya Luka, mtumwa aliyejua matakwa ya bwana wake asiyatimize anaadhibiwa kuliko yule ambaye hakuyajua; wanafikihi nao hutofautisha mjinga mwenye udhuru na mjinga aliyeweza kuuliza akaacha. Dereva aliyefundishwa sheria za barabara tu, bila neno lolote juu ya joto la injini, ana udhuru ambao jamii imempa. Kwa kuwa ada ya watu wa kazi ndiyo inayoamua uzembe ni nini, somo la nusu saa katika kozi za udereva za VETA, au kifungu kimoja katika mkataba wa dereva na tajiri, lingekuwa na uzito wa kisheria na wa dhamiri pia: lingeifanya ada iseme kile ambacho leo mafundi wachache wanakijua na kukisemea gereji. Nalitamani hilo kuliko kampeni yoyote ya kuwataka watu wawe waadilifu.

Inabaki siku ya kuuza. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume Muhammad alipita penye chungu ya chakula akaingiza mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu watu waione, na Mtume akatangaza kwamba aliyedanganya si wake. Muuzaji yule hakuinyesha mvua. Hakulaumiwa kwa unyevu. Alilaumiwa kwa mahali alipouweka. Kwa hiyo hata anayeshinda mabishano yote niliyoyataja, akathibitisha kwamba si yeye aliyeua gasketi na kwamba hakuna asubuhi iliyo na hatia, bado hajamaliza. Mnunuzi anaweza kufungua kifuniko cha rejeta akatazama mapovu, akanusa moshi mweupe wenye utamu, akachomoa kijiti cha oili akaona kama imegeuka rangi ya maziwa; lakini dalili hizo huja mwishoni. Miaka mitatu ya kukanyaga mafuta alfajiri haina harufu. Anayeijua ni muuzaji na dereva wake, basi. Aseme kwamba hedi iliwahi kufunguliwa, kwamba themostati haipo, kwamba gari lilipita mikononi mwa madeiwaka na halikuwahi kutiwa kulanti. Bei itashuka, na kushuka huko ndiko njia pekee iliyobaki ya kuzitoza zile asubuhi kwa waliozitumia, kabla hazijamfikia mtu ambaye hakuwepo katika hata moja.